Picha zangu zote zinatoka za kijivu chumba cha giza, na nataka kujaribu mbinu tofauti kwa ajili ya projekti. Naombeni msaada

mtoto_wa_buguruni

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili nasomea upigaji picha hapa Dar, na muhula huu tumepewa projekti ya picha nane ambazo kila kitu lazima kifanyike kwa mkono, mkanda usafishe mwenyewe na karatasi usafishe mwenyewe, kompyuta hairuhusiwi kabisa. Na mwalimu kasema hataki picha za kawaida tu, anataka tujaribu mbinu za chumba cha giza, tuoneshe kwamba karatasi na dawa vinaweza kusema kitu ambacho kamera peke yake haisemi. Nimechagua mafundi cherehani wa barazani, wale wanaokaa nje ya maduka ya vitambaa Kariakoo, kwa sababu mimi nimelelewa na shangazi yangu na nimelelewa kwa cherehani, ada yangu ya sekondari yote ilitoka kwenye kupunguza suruali na kubadilisha zipu za watu.

Mikanda nimepiga minne, negativu zimetoka safi, nazipenda sana. Shida imeanza kwenye karatasi. Chumba chetu kilikuwa stoo miaka mingi, tumekisafisha wenyewe wanafunzi watatu, enlaja (mashine ya kumulika negativu juu ya karatasi) ipo moja ya zamani inafanya kazi, taa nyekundu hakuna hivyo tulichukua balbu ya kawaida tukaizungushia karatasi nyekundu ya plastiki, ile ya kufungia zawadi, mikunjo miwili. Karatasi za picha ni Ilford Multigrade, zile zilizopakwa plastiki, binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza pakiti moja ya shuka 100, na sasa nimebakiwa na 71, hapo ndipo roho inaniuma maana kupata nyingine siyo leo.

Kila picha inatoka kama imefunikwa na vumbi. Nyeusi siyo nyeusi, nyeupe siyo nyeupe, shati jeupe la fundi linatoka rangi ya majivu. Nikaona labda nijaribu solaraizesheni, ile ya kuwasha taa katikati ya kusafisha, nikaona mtandaoni inatoa picha kama za fedha, mistari inang'aa pembeni ya uso. Nimejaribu mara sita. Mara zote sita nimepata tope. Kijivu kitupu, uso hauonekani hata pua.

Maji ya bomba yetu yanatoka kwenye tenki la juu ya paa, nimepima mchana yalikuwa nyuzi 31. Sijui kama ni hayo, au dawa, au karatasi zimeharibikia uwanja wa ndege kwenye zile mashine za kukagua mizigo, au ni mimi. Nimebakiwa na wiki tano. Naombeni mnielekeze nianzie wapi, na kama kuna mbinu nyingine inayofaa kwa mafundi mniambie.

Fundi Picha Tanga

Mwanangu pole na kazi. Mimi nilikuwa studio Tanga tangu mwaka 1981, nimesafisha picha za pasipoti na za harusi mpaka vidole vilibadilika rangi, kwa hiyo nikisoma habari yako nimekumbuka mbali. Nitakwambia kitu kimoja kabla ya yote, acha kwanza hiyo habari ya kuwasha taa katikati. Kama picha ya kawaida inatoka na shati la majivu, ya solaraizesheni itatokaje. Tafuta kwanza majivu yanatoka wapi.

Fanya hivi. Usiku, zima taa zote hata hiyo nyekundu, giza tititi. Toa karatasi moja, kata vipande viwili kwa kupapasa. Kimoja tia moja kwa moja kwenye fiksa, ile dawa ya mwisho inayofanya karatasi isishike mwanga tena, sisi tuliiita "haipo" (hypo). Cha pili tia kwenye devolopa, dawa inayotokeza picha, dakika moja, halafu maji ya siki ya kuisimamisha devolopa, halafu haipo. Ukimaliza washa taa uvilinganishe. Vikiwa vyote vyeupe pe, karatasi yako ni nzima na uwanja wa ndege hauna kosa. Kile cha devolopa kikiwa cha kijivu, karatasi imeshaungua, yaani imeguswa na mwanga, au dawa yako ina shida.

Ikiwa karatasi ni nzima nenda kwenye taa. Chukua kipande, kipe mwanga kidogo sana chini ya enlaja, kiasi kwamba ukikisafisha kinatoka kijivu hafifu kama moshi. Hilo usiliruke, karatasi ambayo haijaguswa na mwanga kabisa inavumilia taa mbaya, ila iliyokwisha kuguswa haivumilii, na ndiyo hiyo unayoisafisha. Kisha kiweke mezani pale pale unapofanyia kazi, juu yake weka sarafu nne, toa moja baada ya dakika moja, ya pili baada ya dakika mbili, ya tatu dakika nne, ya nne dakika nane. Safisha gizani. Ukiona duara la sarafu, hata kwa mbali, taa yako inavuja. Na mimi tangu hapa nilipo nakwambia hiyo plastiki ya zawadi ndiyo mwizi wako, maana jicho linaona nyekundu lakini ndani yake kuna rangi nyingine zinapita, na hizo karatasi za Multigrade zinaona bluu na kijani, hata kidogo tu zinashika.

Maji nayo yana kesi yake. Dawa hizo zimepangiwa nyuzi 20. Ukiwa na 31 karatasi inaiva haraka mno, wewe unaogopa unaitoa sekunde ya 25 kabla nyeusi haijakomaa, ndiyo maana nyeusi yako siyo nyeusi. Sisi Tanga tulifanya kazi usiku kuanzia saa tatu, na tulinunua barafu za mfuko. Lakini barafu usiitie ndani ya dawa, itaipunguza nguvu. Chukua beseni kubwa, tia maji na barafu, trei ya devolopa ikae juu ya hayo maji ya barafu. Ukifika 22 au 23 inatosha, usijitese. Halafu tia picha, tikisa trei taratibu upande mmoja kisha mwingine, na usiitoe kabla ya sekunde 60 hata ukiona inakuwa nyeusi. Ikiwa nyeusi mno kosa ni la enlaja, punguza sekunde za mwanga, kosa la mwanga lirekebishwe kwenye mwanga.

mtoto_wa_buguruni

Shikamoo mzee. Asante sana, sikujua kabisa hiyo ya sarafu. Leo saa tatu usiku nafanya yote mawili nitaleta majibu.

Fundi Picha Tanga

Marahaba mwanangu. Kata karatasi vipande vidogo vidogo, usitumie shuka nzima kwa majaribio.

DadaMwanga

Habari mdogo wangu, mimi nipo Ujerumani, huku kuna vyumba vya giza vya kuchangia, unalipia kwa saa, na nimekuwa nikifanya solaraizesheni kama miaka minne hivi kwa hiyo naomba niseme kidogo. Mzee kasema sawa kabisa kuhusu taa, rekebisha hiyo kwanza. Ila hata ukirekebisha, usishangae ukiendelea kupata kijivu, kwa sababu solaraizesheni kwa asili yake inatia kijivu sehemu nyeupe. Ndivyo inavyofanya kazi, ule mwanga wa pili unaziunguza sehemu ambazo zilikuwa bado nyeupe, na zile zilizokwisha kuwa nyeusi haziathiriki sana. Pale mpakani kati ya nyeusi na nyeupe, mabaki ya dawa iliyochoka yanajikusanya yanazuia usafishaji, ndiyo unapata ule mstari mwembamba mweupe unaong'aa. Watu wengi wanadhani ni uchawi wa Man Ray, yule msanii wa picha wa Paris, ila daktari mmoja Mfaransa, Armand Sabattier, alishauelezea tangu 1862. Man Ray na Lee Miller, mpiga picha mwenzake, wao walikuja kuukuta Paris mwaka 1929, Miller mwenyewe alisimulia kwamba kuna kitu kilimpita mguuni gizani akashtuka akawasha taa, na negativu zilikuwa bado kwenye dawa.

Sasa utaratibu wangu. Chagua negativu yenye kitu kikubwa na mipaka iliyo wazi, uso wenye mikunjo mingi na kitambaa chenye maua nyuma vitapotea. Weka filta namba 5 kwenye enlaja, kontrasti (tofauti ya nyeusi na nyeupe) ya juu kabisa. Toa mwanga pungufu kidogo kuliko wa picha ya kawaida. Safisha sekunde 20 hadi 25 tu, itoe, suuza kwa maji, ilaze juu ya kioo au trei iliyogeuzwa, ufute matone yote kwa mpira wa kufutia kioo cha gari maana kila tone litaacha doa la duara. Halafu mwanga wa pili, na hapa ndipo nadhani wewe umeharibu, usiwashe taa ya chumba! Taa ya chumba ni nyingi mno. Tumia enlaja yenyewe bila negativu, tundu la lenzi ulipunguze mpaka f/11 au f/16, anza na sekunde moja, kipande kingine mbili, kingine tatu. Ukishapata kipimo chako unakiandika ukutani. Kisha rudisha kwenye devolopa na usitikise trei kabisa, iache itulie mpaka mstari ujichore.

Itatoka nyeusi nyeusi, ni kawaida. Ikishapita haipo na kuoshwa, unaweza kuisafisha nyeupe zake kwa potasiamu ferisayanidi iliyozimuliwa sana mpaka iwe njano kama mkojo wa asubuhi, unapaka kwa brashi laini au pamba, unaosha mara moja, unarudisha kwenye haipo, unaangalia, unarudia. Ferisayanidi na haipo pamoja ndiyo dawa ambayo Howard Farmer aliitoa mwaka 1883 na mpaka leo hakuna iliyoishinda. Pole pole tu, ukizidisha nyeupe hairudi. Na tafadhali vaa glavu, na usiichanganye na asidi wala kuipasha moto, inaweza kutoa gesi ya sumu.

Na kuhusu taa yako, nunua ile taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, ya LED. Watu wengi huku wanaitumia nyumbani. Ielekeze ukutani siyo mezani, halafu uifanyie mtihani huo huo wa sarafu, maana siyo zote ni salama.

Kijana wa Makupa

Mambo vipi wandugu, niko Mombasa. Dada hapo juu ameeleza poa sana lakini mimi nina swali kwa mwenye projekti, na sikuulizi kwa ubaya. Solaraizesheni ya nini kwa mafundi cherehani? Yaani ile fedha na ule mng'aro unasema nini kuhusu mtu anayeshona begi la shule la mtoto wa jirani? Mwalimu akikuuliza hilo utajibu vipi? Mbinu lazima itoke kwa kitu chenyewe, la sivyo ni urembo tu.

Hebu fikiria Lamu. Kulikuwa na mpiga picha anaitwa Omar Said Bakor, alikuwa na studio pale miaka ya 60, alijifundisha mwenyewe, na alikuwa akiunganisha picha ndani ya chumba cha giza kwa mkono wake, mtu anachanganywa na vitu ambavyo havikuwepo mbele ya kamera. Hakwenda chuo cha sanaa cha Ulaya, alifanya kwa sababu wateja wa pwani walipenda na yeye mwenyewe alikuwa na kichwa cha kutafuta. Ndio maana nakuambia huhitaji kuiga Paris, watu wa kwetu walishaicheza hii karatasi zamani.

Sasa wewe uko na mafundi. Wana nini? Wana uzi, vifungo, pini, lesi, makasi, chaki. Hivi vyote vinaweza kulala juu ya karatasi. Weka negativu ya fundi ndani ya enlaja kama kawaida, halafu juu ya karatasi tandaza uzi, kisha toa mwanga. Palipo na uzi mwanga haupiti, kwa hivyo utapata uso wa mzee na uzi mweupe umepita juu yake kama umechorwa. Hiyo inaitwa fotogramu, lakini imechanganywa na picha. Na uzi ni wake yeye mwenyewe, wa siku ile ile uliyompiga. Hapo mbinu na mtu ni kitu kimoja.

DadaMwanga

Kaka Makupa umenifundisha, sikubishii sana. Ila usimkatishe tamaa mwenzio na solaraizesheni, kwenye chuma inapendeza mno. Gurudumu la cherehani, mguu wake ule wa chuma uliochongwa maua, hapo mistari inatoka kama imechorwa kwa kalamu. Picha moja kati ya nane haitaharibu kitu.

Na kwa uzi, nyongeza moja: mwanga ugawe mara mbili. Kama picha inataka sekunde 12, toa 8 bila uzi, uzime enlaja, uweke uzi bila kuisogeza karatasi, utoe 4 zilizobaki. Uzi utatoka kijivu cheupe, kama kivuli cha uzi, utaona uso chini yake. Ukitoa zote 12 na uzi ukiwa juu utapata mweupe pe na unaweza kuonekana kama mkwaruzo. Jaribu zote mbili. Vitu bapa kama lesi vigandamize kwa kioo safi ili visitoke na ukungu pembeni, ila makasi na vifungo viache bila kioo.

mtoto_wa_buguruni

Wakuu nimerudi. Ni saa saba usiku natoka chuoni sasa hivi siwezi kulala.

Kipimo cha giza: vipande vyote viwili vyeupe kabisa, huwezi kuvitofautisha. Karatasi ni nzima! Nimefurahi mpaka nikapiga ukuta. Kipimo cha sarafu: duara la dakika moja halionekani, la dakika mbili linaonekana hafifu, la dakika nne linaonekana wazi, la nane unaweza kusoma shilingi ngapi. Mzee ulisema kweli, ni ile plastiki ya zawadi. Na mimi nilikuwa naacha karatasi wazi mezani hata dakika tano nikipanga negativu.

Kesho nanunua taa ya baiskeli. Na wazo la uzi limenikaa moyoni, kaka Makupa asante, umeniuliza swali ambalo mwalimu angeniuliza mbele ya watu.

Mwalimu Kemia

Nimesoma mazungumzo yote haya kwa furaha, mimi nafundisha kemia sekondari Morogoro na sijawahi kusafisha picha za haipo, ila nimefanya za bluu na wanafunzi wangu, sayanotaipu. Nataka kukupa wazo kwa sababu umesema karatasi zimebaki 71 na kupata nyingine ni shida, na mafundi wako wanashona vitambaa. Kwa nini picha moja au mbili zisiwe juu ya kitambaa?

Dawa ni mbili tu. Feriki amonia sitrati ya kijani gramu 25 kwenye maji mililita 100, na potasiamu ferisayanidi gramu 10 kwenye maji mililita 100, kila moja chupa yake ya rangi nyeusi. Siku ya kazi unachanganya sawa kwa sawa. Kitambaa kiwe pamba tupu, marekani ndiyo nzuri, uifue kwanza kutoa wanga wa kiwandani, uisuuze sana isibaki na sabuni, maana bluu hii haipendi kitu chenye magadi. Unapaka dawa chumba chenye mwanga hafifu, unakausha gizani, inakuwa na rangi ya njano ya kijani. Juu yake unaweka negativu kubwa au vitu vyenyewe, lesi, makasi, unagandamiza kwa kioo, unatoa juani. Jua letu la saa sita dakika kumi zinatosha mara nyingi, unaona dawa inabadilika mpaka rangi ya shaba iliyochakaa. Kisha maji matupu mpaka yatoke masafi. Haihitaji enlaja wala chumba cha giza. John Herschel aliigundua 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kuchapa mimea ya baharini, alikuwa anailaza mimea yenyewe juu ya karatasi, kwa hiyo makasi yako yana ukoo mrefu.

Sijui kama kanuni zenu zinaruhusu negativu kubwa ya kuchapwa steshenari kwa plastiki, ulisema hakuna kompyuta, basi laza vitu vyenyewe. Halafu hicho kitambaa mpelekee fundi akikunje pindo kwa mkono wake.

Jambo lingine ambalo limenisumbua hakuna aliyelisema, hiyo haipo mkishaitumia mnamwaga wapi? Ina madini ya fedha ndani yake. Msimwage karibu na kisima wala kwenye shimo la maji machafu. Ikusanyeni kwenye ndoo ya plastiki, tieni waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, ule ambao siyo wa stenlesi, muuache siku kadhaa, fedha inatoka kwenye dawa inabaki chini kama matope meusi. Ni jaribio zuri la darasani pia.

Fundi Picha Tanga

Mwalimu umesema neno. Studio ya kwetu kuna mtu alikuwa anakuja kununua haipo iliyotumika, sisi vijana tulimcheka, kumbe yeye alikuwa anatoa fedha.

mtoto_wa_buguruni

Jamani ni wiki ya tatu sasa, samahani nilipotea, nilikuwa gizani kweli kweli.

Taa ya baiskeli imefaulu mtihani wa sarafu mpaka dakika nane, hakuna duara. Barafu nanunua mifuko minne kila usiku kwa mama wa jirani na chuo, ameshanizoea. Picha ya kwanza ya kawaida niliyotoa baada ya hapo nilikaa nayo mkononi muda mrefu, shati la fundi lilikuwa jeupe, na chini ya cherehani pale penye kivuli palikuwa peusi kama wino, sikuamini ni negativu ile ile.

Sasa nikwambieni ya uzi. Nilirudi baraza la mzee mmoja ninayemwita babu, nikamwomba uzi. Akaniuliza wa nini nikamweleza, hakuelewa sana lakini akavuta uzi mwekundu kwenye rili yake, akaukata kwa meno, akaniambia chukua na huu mweusi. Usiku nikaweka negativu yake, yuko ameinama anatia uzi kwenye tundu la sindano, jicho moja kalifumba. Nikatoa sekunde 9, nikazima, nikalaza uzi wake juu ya karatasi kwa kubahatisha maana huoni picha, unaona karatasi nyeupe tu chini ya taa nyekundu, nikatoa sekunde 5. Nilipoitia kwenye devolopa nikaanza kuhesabu, sekunde ya kumi na tano hivi ukatokea ukingo wa kofia yake, halafu vidole, halafu ule uzi ukabaki bila kujaa huku kila kitu kinajaa kuuzunguka. Umeanzia kwenye bega lake umepinda umepita karibu kabisa na sindano aliyoishika. Sikupanga. Nimejaribu kuirudia mara nne haikutokea tena vile, uzi unakwenda kwingine kila mara, na nimeamua nitaweka zote tano pamoja ukutani kama kazi moja.

Solaraizesheni nimefanya moja tu, gurudumu, dada Mwanga ulikuwa sahihi, f/16 sekunde mbili. Niliisafisha kwa ferisayanidi kidogo kidogo karibu saa nzima. Na marekani nimeshapaka, mwalimu, nimelaza lesi ya shangazi yangu, ile aliyobakiza kwenye gauni la harusi ya dada yangu. Imetoka bluu ya bahari na maua yote meupe. Shangazi kasema pindo anakunja yeye mwenyewe, hakuna fundi mwingine wa kuigusa.

Swali langu la mwisho, karatasi zangu zikikauka zinajikunja pembeni kama jani, nazianika kwenye kamba. Nafanyaje?

Kijana wa Makupa

Uzi umepita karibu na sindano bila kupangwa! Wacha nikae chini kwanza. Tafadhali hiyo usiiguse tena, usiirekebishe chochote.

Fundi Picha Tanga

Mwanangu hongera. Kamba ni sawa ila unaacha maji mengi. Ukiitoa kwenye maji ya mwisho ilaze kwenye kioo, ifute mbele na nyuma kwa ule mpira wa kioo cha gari ambao dada amekutajia, kisha ianike kwa kibanio kimoja kona ya juu na kibanio kingine kona ya chini upande wa pili kiwe uzito. Zikishakauka zipange kifudifudi ndani ya kitabu kizito usiku kucha, katikati uweke karatasi nyeupe safi, siyo gazeti, wino wa gazeti unahama. Na hizo za plastiki usizioshe zaidi ya dakika mbili tatu kwenye maji yanayotiririka, ukizilaza majini usiku kucha kingo zinavimba zinaachana, hapo hazinyooki tena.

Na nakala moja mpelekee babu yako wa uzi. Nyuma yake andika tarehe kwa penseli, siyo kalamu.

mtoto_wa_buguruni

Sawa mzee. Ijumaa nampelekea.